Masika ya Kuhamisha Kitalu D

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa ofisi amenipa daftari na kuniagiza niandike humo kila ndugu wa marehemu atakayefika, saa aliyofika na alichosema. Watu wa reli ndio wametaka hivyo. Nimeandika mistari mitatu, nikajiona naandika mambo ambayo hawakuyaomba. Nikaichana karatasi ile, na wakati wa kurudi nikapita dukani nikanunua daftari langu mwenyewe. Ndilo hili.

Habari yenyewe ni kwamba treni ya mjini inaongezwa. Iliyopo sasa inaanzia kule kwenye hospitali kuu na kuishia sokoni. Itasogezwa hadi mtaani kwetu, ipite juu ya nguzo, iende mpaka viwandani. Nguzo nane zitasimama ndani ya makaburi, zote katika Kitalu D. Makaburi mia mbili na kumi na moja yanatakiwa yawe yamehamishwa kabla masika hayajaisha, yapelekwe kwenye uwanja mpya nyuma ya machimbo ya mawe.

Mimi ni karani wa makaburi haya, huu mwaka wa kumi na tisa. Mkuu alipotaja Kitalu D alinitazama usoni, kisha akajifanya anatafuta kalamu. Anajua. Sikuhitaji kufungua rejista. Mstari wa saba, kaburi la kumi na mbili: mtoto wa kiume, mwaka mmoja na miezi sita. Ni mwanangu.

Watu hudhani kazi hii niliipata kwa bahati. Niliiomba.

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu ana miaka ishirini na mbili. Tangu ajue kutembea namwita Kiguu, maana hakai mahali pamoja. Yuko mwezi wa tatu wa mafunzo ya udereva wa treni, na nyumba nzima imejaa breki na taa za ishara. Jana kwenye mtambo wa kufundishia, ambao una kioo kama sinema, amemgonga ng'ombe yuleyule mara tatu. Mwalimu akamwambia huyo ng'ombe angekuwa wa kweli angeshahama mtaa.

Leo wakati wa kula alisema mwakani huenda akaiendesha hadi karibu na mlango wetu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuigusa. Anajua kaka yake amelala makaburini kwetu. Hajui kwamba nguzo ya tano itasimama pale alipolala.

Alhamisi, 7 Machi

Mhandisi wa reli amekuja ofisini, mwanamke wa rika la Kiguu au kumzidi kidogo, na buti zilizojaa tope mpaka kwenye zulia la mkuu. Ameleta fomu. Kwa kaburi la mtoto, wazazi wote wawili watie saini kama wako hai.

Akaniuliza, kwa kaburi la kumi na mbili, kama baba yupo hai. Nikasema sijui.

Najua. Yupo hai, ni seremala, anaishi mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi.

Jumapili, 10 Machi

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Ilikuwa masika kama haya yanayokuja. Nilikuwa na mimba ya Kiguu ya miezi minane, na mkunga alikuwa ameniamuru nisiinuke kitandani ila kwa haja. Mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Asubuhi alikuwa akivuta pumzi kama anayepanda mlima. Mume wangu akamfunika kwa koti lake, wakatoka saa tano kamili kwenda hospitali kuu. Niliitazama saa ya ukutani kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Alirudi jua likikaribia kuzama, peke yake. Akaniambia mtoto amefia mikononi mwa madaktari, kwamba walijitahidi, walimwekea hewa, walifanya kila walichoweza. Nilimshukuru. Nakumbuka kwamba nilimshukuru.

Wiki tatu baadaye, Kiguu akiwa amezaliwa, nilikuwa napanga nguo nikaiona karatasi ya hospitali ndani ya mfuko wa koti. Ilisema mtoto amefikishwa akiwa amekwisha kufa, saa kumi na dakika ishirini. Hakukuwa na hewa wala madaktari. Na kutoka nyumbani hadi hospitali, hata siku ya foleni mbaya, si safari ya saa tano na ushee. Nikamuuliza jirani, naye akasema kile alichokuwa amekificha: saa nane alimwona mume wangu kwenye mabanda ya maseremala, pale alipokuwa akifanya kazi. Alikuwa amekaa juu ya mbao, mtoto amempakata, kama mtu asiye na haraka.

Nilimuuliza mume wangu mara moja tu. Akanyamaza. Nikamwambia atoke.

Akatoka. Alirudi mara tatu mwaka ule kumwona mtoto wa kike, na mara zote tatu sikufungua mlango. Mara ya mwisho alikaa kizingitini mpaka mvua ikamwondoa. Kisha akahama mji. Kiguu alipoanza kuuliza, nilimwambia baba yake alituacha.

Miaka ishirini na mbili nimeamini kwamba mume wangu alipitia kazini, akakaa, na mtoto wangu akafa akisubiri.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza. Ndugu kumi na wanne leo.

Alhamisi, 21 Machi

Mchimbaji wetu, ambaye sote tunamwita Beleshi, amegoma kuanza mpaka apewe glovu mpya. Anasema kwa miaka thelathini wateja wake hawajawahi kulalamika, na hataki waanze sasa. Watu wa reli hawakucheka. Glovu zimeletwa.

Nimempigia wifi yangu, dada yake mume wangu. Hakuniuliza chochote, akanisomea namba ya simu ya kaka yake taratibu, tarakimu moja moja, kama anayeogopa nitakata.

Ijumaa, 22 Machi

Sikupiga.

Jumatatu, 25 Machi

Sikupiga. Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 26 Machi

Nimepiga wakati wa chakula cha mchana, mkuu akiwa nje. Sauti yake imezeeka kuliko nilivyotarajia. Nilisema kama karani: kitalu, mstari, namba, fomu, saini. Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani simu imekatika.

Kisha akasema, "Nitakuja. Usiwaruhusu wamtoe kabla sijafika."

Nikamwambia kuna ratiba. Akasema anaelewa, ila nisiwaruhusu.

Jumanne, 2 Aprili

Makaburi sitini na matatu yameshahamishwa. Leo ndugu wawili wasiosemezana walisimama pande mbili za kaburi la baba yao, kila mmoja na mwavuli wake. Beleshi alipomaliza walibeba kwa pamoja, kwa sababu mmoja hangeweza. Walipofika kwenye gari kila mmoja akashika njia yake.

Mhandisi amesimama mvuani kwa kila kaburi. Mwanzo nilidhani anatusimamia ili tusichelewe. Leo nimegundua kwamba kila likifunguliwa anavua kofia yake ngumu na kuishika kifuani mpaka kazi iishe. Nywele zake zililowa chepechepe. Nilimpa taulo na chai. Nadhani nilimwonea.

Tulipokuwa tunakunywa alinikunjulia ramani. Akanionyesha stesheni yetu, itakapokuwa, kisha kwa kidole akafuata mstari mwekundu mpaka hospitali kuu. Alisema kwa fahari, maana hakujua anazungumza na nani: "Dakika kumi na tisa, mama. Mvua inyeshe isinyeshe."

Nikasema ni jambo zuri. Nikaenda kusuuza vikombe vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemwambia Kiguu kuhusu nguzo ya tano.  Akauliza kama ndiyo sababu nimekuwa nikichoma wali wiki zote hizi. Nikamwambia baba yake anakuja. Akasema vizuri, atapata nafasi ya kuona sura ya mtu anayeweza kumwacha mtoto wa mwezi mmoja.

Sikumrekebisha. Nilisema tu, huyo ni baba yako, utamwamkia.

Jumanne, 16 Aprili

Amefika kwa basi la saa nne. Kiguu alikuwa na ruhusa, akaja nami stendi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilimtafuta mwanamume mrefu, nikamkosa, kwa sababu ameinama sasa. Alishuka wa mwisho. Alikuwa amekumbatia sanduku la mbao lililofungwa kwa shuka, na kondakta akatuambia kwamba amelipakata safari nzima, amekataa lipakiwe na mizigo.

Kiguu akamwamkia, "Shikamoo." Hakusema baba.

"Marahaba," akajibu, akamtazama kama mtu anayesoma barua ndefu. Akataka kumpa mkono lakini mikono yote ilikuwa na sanduku, na Kiguu hakusubiri.

Kisha akanigeukia mimi. "Habari za siku nyingi, mama watoto."

Watoto. Tangu aondoke, hakuna mtu aliyeniita kwa wingi.

Mezani nyumbani Kiguu alimuuliza maswali kama polisi. Ana mke? Alikuwa naye, amefariki miaka minne iliyopita. Ana watoto? Wa mkewe, wawili, wakubwa, anawapenda. Basi anajua kulea, akasema Kiguu, ila inategemea ni wa nani. Alikubali kwa kichwa, kama amekosea kipimo cha mbao za mtu na anastahili kusemwa. Hakujitetea hata kidogo. Nilisubiri ajitetee. Nilikuwa nimekaa baina yao na bakuli la mchuzi mkononi, na neno langu moja tu lingemtetea.

Amepanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi.

Jumatano, 17 Aprili

Imenyesha usiku kucha, na daktari wa manispaa amezuia kufungua makaburi yenye maji. Kwa hiyo mume wangu alikuja ofisini akakaa kwenye benchi la ndugu, na sanduku lake miguuni. Hajui kukaa bure. Aliona mlango wa kabati la rejista umelegea bawaba, akaomba bisibisi, akaurekebisha. Mkuu alitoka kwenda mkutanoni. Tukabaki wawili, na mvua juu ya bati.

Sikujua kwamba nitamuuliza. Nilikuwa nikipiga mihuri. Nikasema, bila kuinua macho, kwamba kesho au keshokutwa tunamtoa mtoto, na mimi sitaki kusimama pale bila kujua. Siku ile saa nane alikuwa anafanya nini kwenye mabanda ya maseremala?

Aliiweka bisibisi chini. Nitaandika alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

Alisema basi lilikwama darajani. Mto ulikuwa umepanda, magari yamefungana, hakuna la mbele wala la nyuma. Alisubiri saa nzima. Abiria walimpisha akae mbele, dereva akapiga honi mpaka honi ikafa. Alipoona midomo ya mtoto inageuka rangi, alishuka na kuanza kutembea. Akawa anakimbia kidogo, anatembea kidogo. Alimficha ndani ya koti, kifua kwa kifua, ili mvua isimpate. Alikuwa anamsikia akivuta pumzi kwa shida, na anahesabu, akijiambia kwamba akifika mia nyingine watakuwa wameona ukuta wa hospitali.

"Tulipofika karibu na mabanda," alisema, "akatulia. Ile sauti ya kifua ikaisha. Nikafurahi. Nikajua amelala."

Aliendelea kutembea kitambo akiwa na furaha hiyo. Ndipo akafungua koti.

Akakaa kwenye mbao. Hakuzijua hata ni za nani. Alisema hospitali ilikuwa haina haja tena, na nyumbani nilikuwepo mimi, na miguu haikuwa na mahali pa kwenda. Alikaa mpaka fundi mmoja akaja akamshika bega, akamwinua, akamsindikiza hadi hospitali kwa sababu lazima mtu aandike.

Nikamuuliza kwa nini aliniambia habari za madaktari.

"Mkunga alisema usishtuke. Nikaona ukijua amefia barabarani, kwenye mvua, chini ya koti, utakufa na wewe na huyo wa tumboni. Nikakupa kifo kizuri kuliko alichokipata."

"Na nilipokuuliza?"

"Ulikuwa umeshajua nilidanganya. Kilichobaki ni kukueleza kwamba alikufa nami nikadhani amelala. Sikuweza kulitamka. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naliona lile koti. Na nilipoweza, ulikuwa hufungui mlango."

Nilikuwa na muhuri mkononi. Nimeona baadaye kwamba fomu iliyokuwa mbele yangu nimeigonga mihuri sita, yote mahali pamoja.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Kinywa changu kikasema anywe chai kabla haijapoa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Daktari bado amezuia. Mume wangu alirekebisha pia droo ya meza yangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Jua lilitoka saa mbili, likakaa. Kiguu alikuja na sare yake ya mafunzo kwa sababu alitakiwa darasani saa sita. Alikuwepo mhandisi, na kofia yake kifuani. Alikuwepo daktari. Beleshi hakufanya mzaha.

Alichimba taratibu, mwisho akaacha beleshi akatumia mikono. Nilijua, kwa miaka kumi na tisa ya kazi, tunachoweza kukuta na tusichoweza kukuta kwenye udongo wenye maji kama huu. Nilijua, lakini nilikuwa nimejificha nisijue. Hapakuwa na kitu. Misumari minne midogo yenye kutu, na udongo ambao ulikuwa mweusi kidogo kuliko wa pembeni, kwa urefu wa mkono wangu.

Beleshi akatazama juu, akaniambia polepole, "Bi Karani, ndiye huyu."

Daktari akasema inatosha, udongo huo ndio huchukuliwa.

Mume wangu alifungua shuka. Sanduku lilikuwa la mbao nyekundu, limepigwa msasa mpaka likateleza kama ngozi, pembe zimeungwa bila msumari. Alilipima kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kama alivyokuwa. Tulipoweka ule udongo, ulifunika sakafu yake tu. Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa sana. Alitazama ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona analia, bila sauti, mdomo wazi. Nikavua mtandio wangu nikaukunja nikauweka mle, ili udongo usitembee.

Kiguu aligeuza uso. Nilidhani ni kwa huzuni. Lakini tulipokuwa ndani ya gari alininong'oneza kwamba mtu huyu anajua kulia kwa aliyekufa, na kwa aliye hai hakuwahi kupiga hata simu.

Baba yake alikuwa kiti cha mbele. Nadhani alisikia. Alisikia na hakugeuka.

Tulimzika saa tano na nusu nyuma ya machimbo, uwanja usio na mti hata mmoja, udongo mwekundu. Kila mtu aliomba kimya kimya. Tukatia saini, yeye juu, mimi chini.

Jumamosi, 20 Aprili

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Nilimsindikiza peke yangu. Stendi ndipo nilipoweza kusema nisamehe. Nilisema vibaya, katikati ya kelele za wapiga debe, ikabidi nirudie.

Akasema alishanisamehe mwaka uleule. Hakujua kwamba alitakiwa aje kuniambia.

Nikamwambia nitamweleza Kiguu. Akaniomba nisiharakishe. "Hana mwingine," akasema. "Asije akakukosa na wewe."

Jumatatu, 22 Aprili

Sijamwambia.

Ijumaa, 26 Aprili

Makaburi mia na hamsini. Sijamwambia. Amefaulu mtihani wa ishara, amepata alama za juu kuliko wote. Amenunua keki.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Sijamwambia. Jioni aliniuliza kama mtu yule amefika salama, akajifanya anatafuta rimoti. Nikasema amefika.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia leo baada ya chakula cha mchana. Nilimkalisha nikamweleza yote, karatasi ya hospitali, jirani, koti, ile saa nane. Alikuwa akinisikiliza kwa upole, mkono wake juu ya wangu, akanipa pole. Akasema basi nyote wawili mliumizwa. Ningeweza kuishia hapo. Angebaki nami, mikono yetu hivyohivyo.

Nikamwambia kwamba baba yake hakutuacha. Mimi ndiye niliyemfukuza. Alikuja mara tatu kumwona yeye, na mara ya tatu alikaa kizingitini mvuani, na yeye Kiguu alikuwa analia ndani, na baba alikuwa anamsikia.

Aliuondoa mkono wake, pole pole, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu.

Aliniuliza, "Shule nilipokuwa natakiwa kuandika jina la baba, na wewe ukaniambia nichore mstari. Ulikuwa unajua anakoishi?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Na juzi, mezani, nilipokuwa namsema vile. Ulikuwa umekaa pale."

Nikasema nilikuwa sijajua bado habari ya koti. Akasema haulizi habari ya koti. Anauliza habari ya mlango.

Nikaanza kuondoa sahani mezani. 

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alipanga nguo zake kwenye begi kwa utaratibu, soksi kwa soksi. Akasema bweni la mafunzo lina nafasi, na ni karibu na karakana ya treni, hatachelewa tena zamu za alfajiri. Mlangoni alisimama akaniuliza kama dawa zangu za presha bado zipo za kutosha. Nikasema zipo. Akaenda.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeenda kazini.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepika kwa watu wawili tena.

Jumatano, 15 Mei

Kaburi la mwisho la Kitalu D limehamishwa leo saa tisa. Rejista imefungwa kwa mstari mwekundu na saini ya mkuu. Beleshi alikaa ukingoni mwa uwanja mtupu akavua glovu zake. Alisema aliwachimbia wengi wa hawa mwenyewe, na ni kama ameambiwa kazi ya ujana wake ilikosewa mahali. Nikakaa naye kidogo.

Ijumaa, 24 Mei

Wifi yangu amenipigia. Kiguu amekwenda kwa baba yake siku tatu za mapumziko. Walikuwa wote karakanani kwake, alimfundisha kupiga randa. Wifi alisema binti kafanana na baba yake kwa kucheka. Nilisema ndiyo. Nilikuwa sijui. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja.

Nilipokata simu nilifurahi kwa ajili yao, na furaha hiyo iliniuma mwili mzima.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imekata siku sita sasa. Mashine ya kutoboa imeanza pale ilipokuwa mstari wa saba. Kikombe kinatetemeka mezani. Mhandisi amekuja kuniaga, anahamia upande wa viwandani. Alisimama mlangoni akafuta buti zake kwa makini kabla ya kuingia. Akasema ameambiwa, si na mimi, kuhusu nguzo ya tano na kuhusu hospitali, na kwamba anajutia siku ile ya ramani. Nikamwambia ajenge tu. Nikamwambia ijengwe upesi. Nilikuwa namaanisha.

Jumamosi, 8 Juni

Kiguu ameshaanza kuendesha. Nimepata habari kwa mke wa mwalimu wake, ambaye hununua mboga ninaponunua mimi. Hiyo ndiyo njia ninayopata habari za mwanangu.

Leo nilipanda basi hadi sokoni, stesheni ya mwisho, nikakata tiketi, nikapanda juu kwenye jukwaa. Sikuwa na mpango. Nilikaa kwenye benchi nikaziacha treni tatu ziingie na kutoka. Watu waliniona kama mzee aliyepotea. Kijana wa usalama akaniuliza mara mbili kama nahitaji msaada.

Ya nne ikaingia. Abiria walimwagika. Pale mwisho wa reli dereva hushuka kwenye chumba cha mbele, hutembea urefu wote wa treni, huingia chumba cha upande wa pili, ndipo treni hugeuka kurudi ilikotoka. Mlango mdogo ukafunguka akashuka yeye, sare imenyooka, begi begani, fimbo ya chuma ya kuwashia treni mkononi. Amekonda. Alikuwa anatembea haraka, macho mbele, kama walivyofundishwa, maana wana dakika nne tu.

Nilisimama. Alikuwa amebakiza hatua chache anipite aliponiona. Hatua zake zikasita, hazikukoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita. Sikugeuka kumtazama, nikaogopa asije akaona namvizia. Nilisikia viatu vyake vikienda, na mlango wa upande wa pili ukifunguka na kufungwa.

Nikaingia behewa la katikati, nikakaa dirishani. Nilikwenda naye hadi hospitali kuu na kurudi. Aliiendesha vizuri. Hakuna mahali aliposimamisha kwa nguvu.